Samurai Ana Bwana Wake: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Power Rangers

Kwa wakuu wa Hasbro, ambao tangu mwaka 2018 ndio wenye mali ya Power Rangers. Kwa waandishi na watayarishaji mtakaokabidhiwa hadithi zake zijazo. Na kwa wakuu wa vituo vya televisheni mnaovinunua vipindi hivi na kuwaonyesha watoto wetu wa Afrika Mashariki.

Salamu nyingi kutoka Mombasa.

Naandika kwa sababu ya swali nililoulizwa jikoni. Mwanangu wa miaka saba alinikuta juu ya mbuzi nikikuna nazi, ameshika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama, samurai ni kabila gani?" Nikamwambia si kabila. Akafikiri kidogo. "Basi ni kazi, kama polisi?" Nikamwambia ilikuwa kazi, lakini mtu alizaliwa nayo. "Basi ni dini?" Hapo niliacha kukuna. Mtoto huyu ameiangalia Power Rangers Samurai tangu mwanzo hadi mwisho, na msimu ulioifuata, tena na tena. Kila upanga anaujua kwa jina. Ule wito wao wa pamoja anausema kwa Kiingereza bila kukosea neno. Na pamoja na yote hayo hajui samurai ni nani. Sikuweza kumlaumu yeye.

Nawaomba mnisikilize kama mtu anayekipenda kipindi hiki, maana nakipenda kweli. Nilisoma Nagoya kwa miaka minne, na mtu mzima anayejifunza Kijapani hapati mwalimu mpole kama vipindi vya watoto vya Jumapili asubuhi. Ndivyo nilivyokutana na Samurai Sentai Shinkenger ya kampuni ya Toei, iliyorushwa na TV Asahi tangu Februari 2009 hadi Februari 2010, sehemu 49, mwandishi wake mkuu Kobayashi Yasuko. Nyinyi mnajua, ila wazazi wengi watakaosoma barua hii hawajui, kwamba mavazi, majitu ya chuma na sehemu kubwa ya mapigano ya Power Rangers Samurai yalitoka humo. Saban, waliokuwa wameinunua tena Power Rangers kutoka kwa Disney mwaka 2010, walizichukua picha hizo za Kijapani, wakawapiga picha waigizaji wao huko New Zealand kwa hadithi iliyoandikwa upya kwa Kiingereza, na tarehe 7 Februari 2011 kipindi kikaanza kwenye Nickelodeon. Power Rangers ilianza kutengenezwa hivyo mwaka 1993. Sina ugomvi na njia hiyo. Ugomvi wangu ni kwa kile kilichodondoka njiani wakati hadithi inavushwa bahari.

Nianze na helmeti. Kila shujaa ana herufi moja ya Kijapani iliyotanda usoni: moto, maji, mbingu, mti, ardhi, na yule wa dhahabu aliyekuja baadaye ana nuru. Herufi zile si pambo. Katika hadithi ya asili nguvu yao huitwa mojikara, yaani nguvu ya maandishi. Shujaa huiandika herufi hewani kwa brashi, na alichokiandika kikawa. Nguvu hiyo inahitaji mazoezi ya mkono na akili kama upanga unavyohitaji.

Mwaka 1615 serikali ya Tokugawa ilitoa amri kwa nyumba zote za kijeshi za Japani, na kifungu cha kwanza kabisa kiliwataka wajishughulishe na elimu na silaha, upinde na farasi. Elimu imetajwa kabla ya silaha. Kisha nchi ikakaa kwa amani zaidi ya karne mbili, na samurai wengi wakaishi na kufa bila kuchomoa upanga vitani hata mara moja. Walikuwa makarani. Walihesabu mpunga, waliandika ripoti, walisikiliza kesi, na wale wa chini wenye posho ndogo walitengeneza miavuli nyumbani ili watoto wale. Kwa hiyo shujaa anayepigana kwa brashi, ambaye mtu anaweza kudhani ni ndoto ya muuza midoli, ndiye aliyekaribia zaidi maisha ya samurai wa kweli. Mlikuwa nalo jambo hilo mkononi.

Lilifanywa nini? Herufi zikaitwa alama. Na shujaa wa kijani akaitwa shujaa wa msitu, wakati usoni pake pameandikwa mti. Mti mmoja. Kijapani huandika msitu kwa miti mitatu, mmoja juu na miwili chini yake, kama mafiga. Kumweleza mtoto jambo hilo ni kazi ya nusu dakika, na hatalisahau maisha yake. Mimi nilimwonyesha mwanangu kwenye ubao wa kusukumia chapati, kwa kidole, juu ya unga. Alicheka kwa furaha kana kwamba nimemfungulia sanduku. Ameziona herufi zile kwa mamia ya dakika na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zinasomeka.

Kisha yuko yule mzee aitwaye Ji. Katika Kijapani, jii ndivyo kijana wa nyumba kubwa anavyomwita mzee wa nyumbani aliyemlea, kama sisi tunavyosema babu. Katika Power Rangers Samurai neno hilo limekuwa jina lake, na mzee mwenyewe amekuwa mkufunzi anayewapa vijana maagizo. Mzee wa asili, Kusakabe Hikoma, amemlea Takeru, kiongozi wa mashujaa wa Shinkenger, tangu utotoni, anamkemea, anamlilia, anamfuata kila pembe ya nyumba kama mzazi. Lakini anapoketi mbele yake anaketi chini yake, na anamwita tono, bwana wangu. Mzee mwenye mvi anamwinamia kijana wa umri wa kusoma chuo.

Fikirini mtoto wa huku aliyefundishwa kumwamkia kila mkubwa shikamoo, anavyoliona jambo hilo. Atashtuka. Atauliza kwa nini. Na jibu la swali lake ndilo jibu la "samurai ni nani". Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kuhudumu, kukaa karibu na mkubwa ukingojea amri yake. Samurai ni mtumishi kabla ya kuwa shujaa. Akimpoteza bwana wake hupewa jina jingine, ronin, mtu wa mawimbi, anayechukuliwa na maji asijue atatupwa ufuo gani. Power Rangers Samurai ina kiongozi na wenzake, marafiki watano, baadaye sita, wanaopendana. Ni jambo zuri, lakini misimu mingine yote ya Power Rangers inalo pia, yenye dinosauria na yenye magari. Kama samurai ni rafiki hodari mwenye upanga, basi neno samurai halikuongeza kitu kwenye hadithi hiyo ila umbo la upanga.

Sisi watu wa pwani tunalo neno linalonisaidia kulifikiri hili. Leo mwungwana ni mtu mwenye adabu, anayejua kusema na kunyamaza, na mtu wa ukoo wowote anaweza kuitwa hivyo. Zamani haikuwa hivyo. Mwungwana alikuwa mtu wa daraja, mwenye nasaba, asiye mtumwa. Cheo kikageuka kuwa tabia njema, na katika kugeuka huko tukasahau nani alikuwa amesimama nje ya mlango. Kila ninaposikia kipindi cha watoto kikisema "maadili ya samurai", nalikumbuka neno letu hilo.

Kwa sababu samurai naye alikuwa daraja. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa wakati huo, aliamuru wakulima wanyang'anywe panga zao, na kuanzia hapo mstari kati ya mwenye silaha na mwenye jembe ukawa mzito. Katika enzi ya Edo, yaani zile karne za utawala wa Tokugawa, familia za samurai zilikuwa karibu asilimia 6 au 7 ya watu wote. Wao ndio walioruhusiwa kuvaa panga mbili kiunoni. Walilipwa kwa kipimo cha koku, na koku moja ya mchele ni kama kilo 150. Mchele huo ulitoka kwenye kodi ya wakulima ambao wengi wao walikula mtama na shayiri. Samurai aliyevunjiwa heshima na mtu wa kawaida aliweza kumkata, kisheria, ingawa kwa masharti. Haya yote yalikwisha katika miaka michache. Mwaka 1876 walikatazwa kuvaa panga hadharani, na posho zao za mpunga zikageuzwa kuwa hati za serikali. Mwaka uliofuata samurai wa Satsuma waliasi wakiwa na Saigo Takamori, wakashindwa na jeshi la vijana walioandikishwa kwa lazima, wengi wao watoto wa wakulima.

Baada ya daraja kufa ndipo maadili yake yalipoandikwa kwa mpangilio tunaoujua. Nitobe Inazo, aliyezaliwa mwaka 1862 katika familia ya samurai ya Morioka, na ambaye picha yake baadaye iliwekwa kwenye noti ya yeni 5,000, aliandika kitabu chake juu ya bushido, yaani njia ya samurai, kwa Kiingereza, kikachapishwa Marekani mwaka 1900. Alikuwa Mkristo, akiwaeleza wageni nchi yake kwa lugha watakayoielewa. Uadilifu, ujasiri, huruma, adabu, ukweli, heshima, uaminifu: orodha hii inayorudiwa kila mahali, hata kwenye kuta za madarasa ya karate huku kwetu, ina deni kubwa kwake. Na katika miaka ya 1930 na 1940 jina hilohilo la bushido lilitumiwa na wanajeshi kuwapeleka vijana wa Japani wakafe, na kuwatesa waliosalimu amri. Simwambii mtoto wa miaka saba haya yote. Lakini mtu mzima anayeandika kipindi kwa ajili yake anapaswa kuyajua kabla ya kuliweka neno uaminifu kinywani mwa shujaa, kwa sababu neno hilo limewahi kuua watu wengi.

Hata uaminifu wenyewe ulisifiwa sana kwa sababu usaliti ulikuwa kila kona. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyemtangulia Hideyoshi, alikufa Juni 1582 baada ya jenerali wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide, kumgeuka na kulizingira hekalu alimolala. Siku ile alikuwapo mtu mweusi aitwaye Yasuke, aliyefika Japani na mapadri Wajesuti na kuingia katika utumishi wa Nobunaga mwaka 1581, akapewa nyumba, posho na upanga mfupi. Maandishi ya Kifaransa ya karne ya 17 yanasema alitoka Msumbiji, kusini tu mwa pwani yetu hii. Bwana alipokufa, Yasuke alikwenda kuendelea kupigana upande wa mrithi wake. Wanahistoria wanabishana juu ya cheo chake hasa, nami nawaachia. Nilipomsimulia mwanangu, hakuniuliza cheo. Aliuliza, "Kwa nini hakukimbia?"

Na sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha raha kuliko yote.

Karibu na mwisho wa Shinkenger, wale watumishi wanne waliomfuata Takeru, na rafiki yake wa utotoni Genta, wanagundua kwamba yeye si mkuu wa nyumba ya Shiba. Hana damu ya Shiba hata tone. Ni kagemusha, askari kivuli, mtoto wa samurai wa kawaida aliyewekwa kwenye kiti cha bwana tangu akiwa mdogo ili maadui wamlenge yeye, huku mkuu wa kweli, binti aitwaye Kaoru, akifichwa mbali akijifunza herufi ya kumfungia adui mkuu. Utoto wa kijana yule wote ulikuwa zamu ya ulinzi. Ukirudi nyuma, mambo mengi yanageuka sura. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Takeru anawaambia vijana wale wasimfuate kwa sababu ya ubwana na utumishi wa mababu zao, bali waamue kwa utayari wao wenyewe. Mara ya kwanza nilidhani ni ukali. Mara ya pili niliona ni aibu: alijua hana haki ya kuwaamuru.

Kaoru anapotokea, watumishi wanatakiwa kuhamia kwake. Kiapo chao ni kwa nyumba ya Shiba, na yeye ndiye Shiba. Ikenami Ryunosuke, mtiifu kuliko wote, aliyekuwa akimwita Takeru bwana wangu hata wenzake wakamcheka, anajikuta hana pa kuuweka utiifu wake. Auweke kwa damu, au kwa mtu aliyemkabidhi maisha yake? Hana jibu, na kipindi hakimharakishi. Kinamwacha ateseke mbele ya watoto.

Hilo ndilo swali la usamurai, si pambo lake. Ndilo swali lililoikwamisha serikali ya Japani mwaka 1703, baada ya watumishi wa Asano Naganori kuvunja sheria na kumuua Kira, mtu waliyemhesabu kuwa chanzo cha kifo cha bwana wao miaka miwili kabla. Walikuwa wamefanya lililo wajibu kwa bwana na lililo kosa kwa nchi, na wakubwa hawakujua wawasifu au wawaadhibu, hadi wakaamuru wajiue kwa heshima. Wajapani wanakisimulia kisa hicho kila Desemba mpaka leo na bado hawajakubaliana.

Na Shinkenger ilikifunguaje kifundo chake? Kaoru, msichana mdogo kwa umri kuliko Takeru, alimfanya mwanawe wa kupanga, naye akawa mkuu wa 19 wa nyumba ya Shiba. Kijana mrefu anamwita binti mdogo mama. Watoto hucheka. Lakini kichekesho hicho kimesimama juu ya sheria ya kweli. Katika enzi ya Edo, bwana aliyekufa bila mrithi nyumba yake ilivunjwa, na mamia ya watumishi wakageuka ronin kwa siku moja. Dawa ilikuwa kumpanga mtu mzima awe mwana. Kumpanga mwana ukiwa kitandani unakata roho kulikatazwa mpaka mwaka 1651, serikali ilipolegeza kwa sababu ronin walikuwa wamezidi na wakaanza kula njama. Kipindi cha kuuzia midoli kilichukua kipengele kikavu cha sheria ya urithi kikakifanya mlango wa rehema. Kila nikikikumbuka kisa hicho nasisimka.

Katika Power Rangers Samurai, Takeru amekuwa Jayden, na Kaoru amekuwa Lauren, dada yake mkubwa. Baba mmoja, damu moja. Jayden ni Shiba na Lauren ni Shiba, kwa hiyo akija huyu au akibaki yule, wenzao hawavunji kiapo chochote. Swali zima liliyeyuka. Ilibaki hadithi ya kaka na dada na mzigo wa uongozi, hadithi tamu, siidharau, mwanangu alilia Jayden alipofunga mzigo wake akaondoka. Ila swali la nani ana haki ya kutiiwa, na kwa sababu gani, halimo tena.

Nahisi waandishi wale walihofu kwamba mtoto wa Marekani hataelewa mtu anawezaje kuwa na deni kwa nyumba. Labda. Lakini kipindi hiki hakitazamwi Marekani peke yake. Mtoto wa Mombasa, wa Tanga, wa Bukavu, anaambiwa kila siku asiliharibu jina la nyumba yao. Anajua mjomba aliyeacha shule ili wadogo zake wasome. Anajua kwamba watu wengine hutiiwa kwa sababu ya ukoo wao na wengine kwa sababu ya walichokutendea, na kwamba hawa wawili wakigombana nyumba hutetemeka. Mngemletea Ryunosuke mtoto huyu, angemwelewa kabla hajamaliza kuinama.

Jambo moja dogo la muziki, kwa kuwa natoka mji wa taarab. Dayu, yule mwanamke wa huzuni aliye upande wa maadui, hubeba chombo chenye nyuzi tatu, kiwambo cha ngozi na kipigio kipana. Ni shamisen. Katika Power Rangers Samurai, chombo hicho kimesemwa kilikuwa gitaa kabla ya uchawi kukigeuza, na kinaitwa hamoniamu. Hamoniamu! Huku kila aliyewahi kukaa harusini na wazee anajua kwamba hicho ni kinanda cha mvukuto, hakina hata uzi mmoja. Marehemu babu yangu alipiga tashkota, chombo cha Kijapani kilichobuniwa na Morita Goro mjini Nagoya mwaka 1912, kikasafiri na meli za biashara mpaka kikaingia katika taarab ya Mombasa. Babu hakujua neno jingine la Kijapani, lakini jina la chombo alilijua, kwa matamshi ya kinywa chake. Tulikipokea kutoka kwao, tukakipigia nyimbo zetu, na jina lake hatukulitupa. Nimelileta hili kwa sababu linaonyesha kwamba kuchukua kitu cha watu na kukifanya chako si dhambi, na pia linaonyesha namna ya kuchukua.

Sisemi kwamba Wajapani wenyewe walileta usamurai safi. Ryunosuke ni mwigizaji wa kabuki, aina ya tamthilia ya jukwaani, na watumishi wa nyumba ya Shiba huvaa mavazi meusi ya kuroko, wale wasaidizi wa jukwaani ambao watazamaji hukubaliana kutowaona. Kabuki ilikuwa burudani ya watu wa mjini. Tamthilia ya heshima ya daraja la samurai ilikuwa Noh, na samurai kuonekana kwenye kabuki halikuwa jambo la kujivunia. Mkulima aliyewalisha wote hao haonekani. Genta, muuza sushi asiye na ukoo wa samurai ambaye hujifundisha mwenyewe na kuingia kundini, ni ndoto ya watu wa leo, ingawa angalau Ryunosuke anampinga mwanzoni kwa sababu ya daraja, jambo ambalo ni la kweli kabisa. (Antonio, muuza samaki wenu, mlimtunza vizuri. Nashukuru kwa hilo.) Na yale mavazi meusi ya kuroko, ambayo yangemfundisha mtoto nusu ya sanaa ya Japani bila neno hata moja, sikuyaona nafasi yake katika Power Rangers Samurai.

Kwa hiyo sidai usahihi wa makumbusho. Sidai damu, wala kujiua kwa heshima, wala kichwa kukatwa. Mambo hayo yana wakati wake na si saa ya uji wa asubuhi. Ninachokiomba ni kwamba mtakapowapa tena watoto shujaa mwenye jina la watu fulani, awe samurai, awe ninja, awe shujaa wa bara letu siku moja, mlete pamoja naye lile lililokuwa gumu katika maisha yake. Samurai apewe bwana. Mtumishi aitwe mtumishi. Herufi isomwe kwa sauti, angalau mara moja, na mtu anayeijua. Mwajirini mwanahistoria na mwalimu wa mwandiko kutoka Japani tangu hadithi inapoandikwa, wala si baada ya mavazi kushonwa, na majina yao yaonekane mwishoni pamoja na ya waigizaji. Mkiwa na dakika moja iliyobaki baada ya mapigano, mwonyesheni mtoto brashi ya kweli, wino wa kweli, mkono wa mtu wa kweli ukiandika moto.

Na nyinyi wa vituo vya televisheni vya hapa kwetu, ombi langu kwenu ni jepesi zaidi. Mnaponunua Power Rangers Samurai, ulizieni na Shinkenger. Ziwekeni karibu, watoto walinganishe. Ni wepesi wa kulinganisha kuliko mnavyodhani. Na mkiitia sauti ya Kiswahili, msiitafsiri kutoka Kiingereza. Itoeni moja kwa moja kwenye Kijapani, wapo Waswahili waliosoma kule wanaoweza. Tono ni bwana, na Kiswahili kinajua bwana ni nani. Jii ni babu. Kuna maneno yatakayofika salama zaidi kwa njia hii fupi kuliko kwa kuzungukia California.

Jana usiku mwanangu aliandika tena juu ya unga. Aliandika mti mmoja, akaandika na msitu pembeni yake, miti mitatu, yule wa juu amelalia upande. Akaviangalia vyote viwili kwa muda. Kisha akaniuliza kama yule shujaa wa kijani anajua kwamba helmeti yake ina mti mmoja tu. Nikamwambia sijui, nitawauliza wenyewe.

Ndimi, mzazi na mtazamaji wenu,
Mombasa